Kopo Lenye Uzi Mwekundu

"Hii gari unaipenda au unaiogopa? Sema nijue, maana nimechoka kukaa humu kama kifurushi kisicho na anwani!"

Aliyekuwa anafoka ni Ramani. Tangu saa moja na nusu asubuhi alikuwa amejipachika kiti cha abiria, kofia ya turubai kichwani, fimbo katikati ya magoti, daftari lake la safari mapajani. Injini ilikuwa inanguruma na ua mzima unanuka petroli. Saa tatu kamili msafara wa magari ya zamani ulikuwa unaondoka uwanja wa mpira kwenda mlimani na kurudi, na Ramani hajawahi kuchelewa msafara hata siku moja.

Wembe alikuwa ameinama chini ya boneti, kafungua kichupa cha mafuta ya breki, anachungulia.

Huyu Wembe ni kinyozi. Duka lake liko mtaa wa pili, viti viwili na kioo chenye ufa pembeni. Gari aliikuta kwenye ua wa fundi vyuma, imeoza, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Akaiburuta mpaka nyumbani na kukaa nayo miaka kumi na moja kabla haijakohoa. Viti alivishona mwenyewe. Vumbi la kwenye dashibodi anaondoa kwa brashi ya kupakia sabuni ya ndevu, na mkewe anasema hajawahi kupigwa brashi ya namna hiyo yeye. Mafuta yote ya gari anaweka kwenye makopo matupu ya poda kutoka dukani, yamepangwa kwenye rafu karibu na bafu, mengine na mfuniko, mengine bila.

"Nani kagusa huku?" akauliza, bila kuinua kichwa.

"Mimi, kabla sijakaa humu. Ulikuwa unaoga. Nikaona mafuta ya breki yamepungua, nikakuongezea. Hata asante huna."

"Ulichukua kopo gani?"

"La poda. Si yote ya poda?"

Wembe akachovya kidole. Mafuta ya juu yalikuwa ya dhahabu, mazito, yamekaa peke yao juu ya yale mengine kama utando wa maziwa. Mafuta ya injini. Akajifuta kidole kwenye taulo mara mbili, mara tatu, kidole kikawa kikavu na bado anajifuta.

"Leo hatuendi," akasema, akafunga boneti.

"Hatufanyi nini?"

"Umeweka mafuta siyo, Ramani. Zima gari."

Ramani akacheka kile kicheko chake cha puani. "Mafuta ni mafuta, bwana. Nimekanyaga hizo breki mwenyewe mara kumi. Zinashika kama koleo. Sema umeogopa. Tangu tulipopata ajali wewe si yule yule. Kwenye kona unatambaa, kwenye mteremko unatoa jasho. Mimi ndiye niliyevunjika mguu, wewe ndiye unayechechemea!"

Ilimwingia. Miaka kumi na tisa iliyopita, kwenye mteremko wa tangi la maji, pedali ilizama mpaka chini na gari ikashika kasi. Wembe aliikimbizia kwenye tuta la udongo. Yeye akatoka na mchubuko wa paji la uso. Ramani goti lake lilisagika. Wakati huo alikuwa tarishi wa posta, anapeleka barua kwa baiskeli, hakuna kichochoro asichokijua, ndiyo maana wakamwita Ramani. Baada ya goti lile wakamweka ndani, dirisha la mwisho, kugonga mihuri mpaka akastaafu.

"Kama huendi, naenda mwenyewe," Ramani akasema.

Wembe alidhani anatania. Lakini fimbo ikatupwa kiti cha nyuma, na mzee mzima akajivuta, ule mguu mbovu ukifuata nyuma kama mzigo, mpaka kwenye usukani. Gia ikalia. Gari ikaruka hatua mbili mbele.

"Ramani!"

"Toka mbele!"

Wembe hakutoka. Akaweka viganja vyote viwili kwenye boneti ya moto na kusimama pale, kati ya gari na geti. Mkewe alikuwa ndiyo kwanza anaingia na beseni la nguo. Akaliacha likaanguka.

"Nyinyi watu mna akili kweli?"

"Shemeji, mwondoe mumeo, nitamgonga!"

"Mgonge basi, tupumzike sote!" Kisha akamgeukia mumewe, sauti ikashuka. "Baba watoto. Mwambie."

"Nyamaza."

"Miaka yote nimenyamaza. Mwambie, au namwambia mimi sasa hivi."

Ramani akawa anawatazama, huyu kisha yule. Mguu wake bado ulikuwa kwenye pedali. "Aniambie nini, shemeji?"

Wembe akazunguka mpaka dirishani, akapitisha mkono, akazima injini. Nguo zilikuwa zinachuruzika maji kwenye sakafu.

"Breki zinashika sasa hivi," akasema. "Zitashika mpaka kwenye tangi. Tukianza kushuka, mipira ya ndani ya breki itakuwa imevimba na kulegea, na hutabaki na kitu chini ya mguu."

"Umejuaje? Wewe kinyozi, siyo mganga."

"Kwa sababu siku ile bomba halikupasuka."

Ramani akalichukua daftari kutoka kiti cha pembeni, akalamba kidole, akaanza kufunua kurudi nyuma. Misafara yote ilikuwa humo: umbali, kona, mvua, nani aliharibikiwa wapi, nani alisukumwa. Akafika kwenye ukurasa wenye doa la chai. Akausoma kwa sauti, polepole, kama anasomea mtu telegramu ya msiba.

"'Mteremko wa tangi. Bomba la breki limepasuka. Dereva hana kosa.'" Akainua macho. "Niliandika hospitali. Mguu wangu umening'inizwa juu. Nani alinishikia daftari?"

"Mimi."

"Ukaniangalia naandika."

"Nikakuangalia."

"Dereva hana kosa."

"Makopo yalikuwa mawili, la breki na la injini, yanafanana. Niliongeza asubuhi ile, haraka haraka, kama wewe leo. Nikaja kujua nilipoifungua gari, wiki ya pili. Nikasema nitakuambia ukitoka hospitali. Ukatoka. Nikasema ukiacha magongo. Ukaacha. Halafu wakakuweka kwenye mihuri, na mimi nikashindwa."

"Kila Jumamosi nalaza shingo kwenye kiti chako," Ramani akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo kabisa. "Kila Jumamosi unapitisha wembe hapa. Hukuona nafasi?"

Mke wa Wembe akainama kuokota nguo, moja moja, bila haraka.

"Nilifunga alama," Wembe akasema. "Kopo la breki lina uzi mwekundu shingoni. Ili nisikosee tena."

Ramani akageuza kichwa kuelekea kwenye rafu ya karibu na bafu. Pale palikuwa na kopo, uzi umefifia mpaka unakaribia rangi ya waridi.

"Nilidhani pambo," akasema. "Nilidhani shemeji kalifunga. Nimelisogeza asubuhi hii nichukue la nyuma yake, nikasema hili zuri nisilichafue." Akafunga daftari. "Ungeniambia, leo nisingekosea. Tungekufa wote wawili kwa sababu ya aibu yako."

Mbali, upande wa uwanja, honi zikaanza kulia, za sauti zote, nene na nyembamba. Msafara ulikuwa unaondoka. Wote watatu wakasikiliza mpaka honi ya mwisho ikapotea.

"Mwalimu mmoja alikuja dukani," mke wa Wembe akasema hatimaye. "Ana usaili wa kazi saa nne, ndevu kama msitu. Nilipopita pale na nguo nikamwambia umefunga leo. Nikamwacha kasimama mlangoni."

Wembe akamtazama Ramani. "Jumamosi utakuja?"

"Mtu anakusubiri. Nenda."

"Ramani..."

"Nimesema nenda. Kwanza niletee hayo makopo hapa. Yote. Na kalamu, ile ya wino usiofutika, niyaandike majina."

Wembe akayabeba makopo mawili mawili, akayapanga kwenye boneti mbele ya kioo. Kalamu akaitoa kwenye droo ya cherehani. Ramani akaipokea bila kumwangalia usoni, akafungua kwanza ule ukurasa wa daftari wenye doa la chai, akauziba kwa mkono Wembe asione, akaanza kuandika chini ya yale maneno ya hospitali.

Wembe akanawa mikono kwa sabuni mpaka viwiko, akachukua begi lake la mikasi, akapita getini. Mtaa wa pili, mwalimu alikuwa bado mlangoni, anajikuna kidevu na kuangalia saa.