Karavani Niliyouziwa na Mzee Sjoerd

Asubuhi moja mwanamke nisiyemjua aligonga mlango wa karavani yangu, akanikabidhi keki ya tufaha ya moto, halafu akaniuliza, "Sjoerd umemweka wapi?"

Nilikuwa na mswaki mdomoni.

Ngoja nianzie nyuma kidogo.

Naitwa Froukje, nina miaka hamsini na sita, kwetu Assen, Uholanzi. Nilitoka kwa wazazi nikaenda kwa mume. Mume alipoondoka wakabaki watoto, watoto walipoondoka akabaki paka. Paka naye akahamia kwa jirani.

Ndipo nikajiuliza: hivi mimi naweza kukaa na nafsi yangu tu, tusigombane?

Nikanunua karavani. Ndogo, ya zamani, umbo kama yai. Mzee Sjoerd wa kijiji cha pili aliniuzia harakaharaka, kama mtu anayeuza mbuzi mgonjwa. Akasema mgongo umemshinda, safari basi.

Ndani ilinuka mbwa aliyelowa na vitunguu. Sakafu ya kona ilikuwa imeoza. Niliikanyaga mguu ukatokea chini. Nikabaki hivyo, mguu mmoja ndani, mmoja kwenye majani, nacheka peke yangu kama chizi.

Majira yote ya baridi nilishinda humo. Nikang'oa mbao mbovu, nikaziba nyufa, nikasugua kuvu, nikashona mapazia kwa mashuka ya harusi yangu. Nje nikapaka manjano. Dukani waliniambia ni manjano tulivu. Ilipokauka, majirani walivaa miwani ya jua.

Binti yangu Jorien akasema nitarudi kabla ya wiki kwisha. Nikajikaza kisabuni, Mei nikaondoka.

Kituo cha kwanza kilikuwa kambi moja ya Friesland, kando ya ziwa. Kurudi nyuma na karavani ni ugomvi: ukikata kulia, yenyewe inakwenda kushoto. Nilipomaliza kuegesha, maua ya mwenye kambi yalikuwa marehemu.

Kesho yake ndiyo ile keki.

Yule mama aliitwa Aukje. Rangi haikumbabaisha, karavani aliitambua kwa kidirisha cha mviringo cha nyuma, alichokikata Sjoerd mwenyewe kwa msumeno. Akaniambia yeye na Sjoerd ni wachumba, miaka sita sasa, kila Mei. Nikamwambia mzee kauza, mgongo. Akakaa kwenye ngazi yangu akalia kidogo, halafu tukaila keki yote.

Juni nikahamia msitu wa Veluwe. Sijakunjua hata kiti, hodi. Mama mwingine, Reinou, na sufuria ya supu ya njegere.

Na yeye mchumba wa Sjoerd. Kila Juni.

Nikampigia mzee simu, nimewaka. Nikamweleza kwamba wanawake wanapokezana kulia kwenye ngazi yangu.

"Mama, ulinunua karavani," akasema taratibu. "Maswali sikukuuzia."

Halafu sauti ikanywea. Akanisihi mkewe, Hiske, asijue. Mwanamke wa kanisa, wa kwaya, hajawahi kumtazama mwanamume mwingine. Akisikia haya, moyo utampasuka.

Njia nzima hadi Zeeland nilimwaza huyo Hiske. Mume wangu Harmen alipokuwa na mambo yake, mtaa mzima ulijua kabla yangu, na hakuna aliyenifungulia mdomo. Hilo liliniuma kuliko mambo yenyewe.

Nikaapa: nikifika, nampigia.

Nikafika. Namba ya nyumbani kwao ipo kwenye simu, kidole kipo juu ya kitufe.

Hodi.

Safari hii alikuwa mwanamume. Mzee mtanashati, nywele kazilaza kwa maji, mkono huu samaki wa heringi wa chumvi, mkono huu shada la maua. Akajitambulisha kuwa ni Leendert.

"Samahani dada. Hiske hajaamka?"

"Hiske gani?"

"Mwenye karavani." Akasogea karibu. "Huwa anakuja nayo kila kiangazi, kwao wanajua yuko kambi ya kwaya. Ana mume, lakini anasema jamaa hapendi kusafiri. Mtu wa nyumbani tu."

Nikakaa chini. Si kwenye kiti, chini kabisa. Nilicheka mpaka mbwa wa jirani akaanza kubweka. Leendert wa watu akadhani nimepatwa na kitu, akawa ananipepea na lile shada.

Nilipopata pumzi nikamwambia karavani imeuzwa. Nikaifuta ile namba. Wale wawili wameoana wakaoanika, mimi ni nani niwatenganishe?

Akauliza kama aache heringi. Nikamwambia aache, maua aondoke nayo.

Asubuhi iliyofuata nikavuka kuingia Ubelgiji, nikimwomba Mungu hao watu wawe hawajawahi kufika huko.

Ndugu zangu, ukinunua cha mtu, ziba nyufa, badilisha mapazia, paka rangi unayoitaka. Lakini kabla hujatoa hela, muulize mwenyewe: huwa unasubiriwa wapi?