Safari ya Hodan

Juzi, hospitalini Garissa, nilimwona mtoto aliyewekewa mrija chini ya ngozi ya kichwa, wa kupunguza maji kwenye ubongo. Alikuwa anacheka. Nikamkumbuka mdogo wangu, Hodan.

Alasiri moja wakati wa vita, Hooyo, mama yetu, alimbeba kutoka kambi yetu ya wakimbizi hadi kwenye kizuizi cha barabarani, mtandio wake ukinukia moshi wa ubani. Kichwa cha Hodan kilikuwa kikubwa kuliko changu, nami niliamini kimejaa akili.

"Wallahi askari, Nairobi iko daktari wa kichwa," Hooyo alisihi.

"Mama, bila kibali hutoki."

Tulirudi kambini, nami nikirukaruka kwa furaha kwamba Hodan hatatuacha. Hooyo hakunikanya. Mvua ilipofika, tulikuwa tumeshamzika Hodan.