Aya Niliyoambiwa Niiruke

Kina mama wa parokia tuligawana wanawake mashuhuri kama tunavyogawana vyombo vya sherehe: wewe leta sufuria, wewe masahani. Kila jumuiya ilipewa mwanamke mmoja, isome maisha yake ukumbini siku ya sikukuu yetu. Sisi tukaangukiwa na mwanasiasa wa Ayalandi aliyekufa zamani, na kwa kuwa mimi nilimaliza fomu foo, kijitabu cha Kiingereza kikatupwa kwangu.

Nilikisoma wiki nzima, kamusi pembeni, wali ukiungua. Binti wa wenye mashamba makubwa, ameolewa, anachora picha, halafu anashika bunduki kupigana na Waingereza mjini Dublin. Walimhukumu kifo, wakambadilishia kifungo kwa sababu ni mwanamke, na hilo likamuudhi. Hapo nikampenda. Akiwa bado gerezani watu wakampigia kura, akawa mbunge, akakataa kwenda kukaa na Waingereza bungeni kwao. Baadaye akawa waziri katika serikali ya Waayalandi wenyewe. Nikasema, huyu wangu.

Kisha nikafika kwenye aya ya mtoto. Alikuwa na binti mmoja. Alimwacha kwa bibi yake, akakulia huko. Wapo wanaosimulia kwamba walipokutana binti akiwa mkubwa, mama hakumtambua. Nilifunga kijitabu nikatoka nje. Nikarudi ndani. Nikatoka tena.

Mwanangu naye alikuwa Katindiuka kwa mama mkwe. Nilimpeleka aachishwe ziwa, akiwa na mwaka na nusu, kama tulivyopelekwa sisi wote. Mpunga ulikuwa unachanua, na shamba letu liko ng'ambo ya mto. Mwenye zamu ya kuamia ndege wasile mpunga hakai chini: tangu alfajiri hadi jua linazama unapiga debe na kupiga kelele. Mume wangu yuko kwenye miwa huko Kidatu, kwa hiyo kelele zote ni zangu. Nilisema msimu mmoja tu. Tulipovuna nikamfuata, mama mkwe akasema mtoto ana mafua. Nikarudi mwaka uliofuata, akasema ameshazoea. Mara ya mwisho mwanangu alinipokea mfuko mlangoni, akageukia ndani akaita, "Bibi, dada wa shamba kaja!" Mama mkwe alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi sikucheka.

Asubuhi ya sikukuu mwenyekiti wetu alipitia karatasi zangu.

"Hii ya mtoto iruke. Utawaharibia watu pilau."

"Si ndiyo maisha yake?"

"Maisha yake ni bunduki na ubunge. Hayo mengine ya nyumbani kwake."

Mama mkwe alikaa mstari wa pili na kitenge cha sare, mwanangu mapajani. Nikasoma bunduki, vigelegele. Nikasoma ubunge, vigelegele. Nikasoma aya ya mtoto.

"Mama gani huyo!" akasema mmoja nyuma.

"Na baba mtu alikuwa wapi?" mwingine akadakia. Wakacheka.

Hasira zikanipanda. Wanaume wangapi waliacha watoto wakaenda kupigania nchi, na hakuna anayewauliza nani aliwalisha uji? Nikaweka karatasi chini.

"Na sisi tunaowaacha kwa bibi zao tukahamia shamba?"

"Sisi tunatafuta chakula!" mwenyekiti akajibu.

"Mtoto anajuaje tofauti?"

Hakuna aliyepiga kigelegele. Pilau waliila vizuri tu.

Mama mkwe alinisubiri nje.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umenianika."

"Sijakutaja."

"Watu wana macho."

"Mama, namchukua mwanangu."

"Umpeleke wapi? Kwenye mbu na nyoka? Si ulimleta mwenyewe?"

"Nilimleta aache ziwa. Ameacha."

Akamshusha mtoto chini. "Haya, muulize yeye."

Mtoto alishika kitenge cha bibi yake kwa mikono miwili. Sikumuuliza. Nilimbandua kidole kimoja kimoja, nikambeba anapiga mateke, tukapita Katindiuka kuchukua nguo zake, bibi yake nyuma yetu. Pikipiki ilishawashwa mama mkwe alipotoka ndani mbio na kikombe cha plastiki chenye sikio lililokatika.

"Uji hanywi bila hiki," akasema. Hakunitazama. Mimi pia nilitazama barabara.

Sina ushindi wa kuwasimulia. Siku mbili alilia akimwita bibi, na nilijua ana haki. Nilimtukana yule Mwayalandi, nikamwomba radhi, nikamtukana tena. Siku ya tatu aliokota mfuniko wa sufuria na kijiko, akasimama kwenye tuta akiwapigia ndege kelele.

Mpunga umejaza sasa na ndege hawatupi nafasi. Leo nilikuwa nimeinama nakoka moto nikasikia mfuniko unapigwa upande wa mtoni.

"Dada! Wamekuja!"

Nikaacha moto, nikakimbia.