Mchele Alioukosa Fisi

Nakumbuka jioni ile baba mdogo alipojaza majirani sebuleni kwake hapa Ifakara, akawagawia soda, akawaamuru wanyamaze, kwa sababu televisheni ilikuwa karibu kuonyesha tangazo nililolichora mimi. Usicheke, mwanangu. Bibi huyu unayemwona akitafuta miwani iliyo kichwani mwake alikuwa mchora katuni.

Nilikuwa msichana, nimetoka kujifunza kazi Dar es Salaam, na huko walinisifu mno. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Baba mdogo alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga na mchele wake wa kuuza kwenye mifuko, na siku zote alisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi ndiye niliyemshawishi kwamba dunia imebadilika, hata chema sasa kinataka tangazo. Alinikubalia kwa sharti moja: mchele usipotoka, nitakwenda Michenga kuamia ndege wasile mpunga kwenye shamba lake, kutwa, na manati mkononi. Kwangu mimi, mwenye kucha za kupaka rangi, hicho kilikuwa kifungo.

Tangazo lilianza vizuri. "Hadithi, hadithi!" na watoto pale sebuleni wakaitikia, "Hadithi njoo!" Akatokea Fisi wa hadithi za bibi yangu, mchafu, mbavu nje, mwizi na mwongo. Akala sahani moja ya wali wa mchele wa baba mdogo. Papo hapo manyoya yakang'aa, mgongo ukanyooka, akavaa suti, akaenda kumwomba Sungura msamaha. Mwisho akaukumbatia mfuko wa mchele na kutabasamu meno yote.

Nikangoja makofi, maana mcheza kwao hutunzwa. Hakuna aliyepiga. Mtoto mmoja alianza kulia. Mama mmoja jirani aliweka soda chini, akasema taratibu, "Kwa hiyo huu ndio mchele wanaokula fisi."

Kwetu, mwanangu, fisi si mnyama wa kuchezea. Wazee husema wachawi humpanda usiku. Na picha yake nilikuwa nimeiweka hata kwenye mfuko! Wiki ile wateja walikuja dukani kwa baba mdogo, wakamwamkia kwa heshima zote, wakaomba, "Tupimie ule usioliwa na fisi." Aliwaeleza kwamba mchele ni uleule, wakamwonea huruma, wakavuka barabara kwenda kwa mshindani wake. Naona aibu mpaka leo, na bado nacheka.

Baba mdogo hakufoka. Alinunua manati, akaiweka juu ya kompyuta yangu.

Nikaenda kumlilia bibi, mama yake mzazi, aliyekuwa uani akipepeta mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Fisi niliyekupa ana njaa," akasema bila kuinua macho. "Nani amemshibisha?"

"Bibi, ni biashara. Nilitaka waone kwamba mchele wetu unaweza kumbadilisha hata Fisi."

Alicheka mpaka ungo ukamponyoka. "Mjukuu wangu, fisi hula mizoga. Umewahi kuona kitu kimeliwa na fisi, ukatamani kuonja mabaki? Ila ukimwona anazunguka nyumba, udenda unamtoka, ujue ndani kumepikwa. Wewe umempa fisi wali, watu umewaacha na njaa. Mtoe nje!"

Nikachora upya. Lakini kuchora kunataka muda, na baba mdogo hakuwa mtu wa kurudisha manati dukani. Mchana niliamia ndege Michenga, jioni nikachora. Kumbe shambani ndiko nilikomfahamu Fisi! Adhuhuri ikifika, harufu ya wali wa jirani ilivuka majaruba ya mpunga ikanifuata, nami nikanyoosha pua angani. Pua ile ndiyo niliyomchorea.

Katika tangazo la pili, familia iko ndani inakula. Fisi anazunguka nyumba, anachungulia dirishani, anabisha hodi, anajifanya mjomba kutoka Mahenge. Watoto sebuleni walipiga kelele, "Usimfungulie! Usimfungulie!" Mlango haukufunguliwa. Kesho yake yule mama jirani alikuwa wa kwanza dukani, kikapu mkononi. "Nipimie ule aliokosa fisi," akasema. Baba mdogo alimpimia, kisha akaja Michenga mwenyewe kunipokea ile manati.

Mwanangu, nawe unatengeneza matangazo kwenye simu yako, basi nakuambia wazi. Hadithi ukiichukua kwa wazee, ichukue pamoja na tabia za waliomo. Watu walimjua Fisi kabla hawajakujua wewe, na hawatakubali umbadilishe ili tu uuze mfuko. Kabla hujageuza mwisho, muulize aliyekusimulia. Akicheka, usinune, kaa chini umsikilize.

Nenda salama. Mungu akupe sufuria linalonukia hadi njiani, akupe na watu wa kula nawe, na fisi wako abaki nje.