Kaha Aliyeshukuru Mapema

Niseme tangu mwanzo kwamba mimi si mtu wa katikati. Tangu nistaafu ualimu nimekuwa wa upinzani, na kila mtu wa Garissa anayeninunulia chai analijua hilo. Mheshimiwa Abdihafid, mbunge wetu, simpendi. Mgombea urais wake simpendi pia, na zile picha zao za kampeni ukutani, za watu wawili wanaocheka meno yote nje kana kwamba sisi ndio kichekesho, hunifanya nivuke barabara nitembee upande wa pili. Lakini habari hii si yangu. Ni ya Kaha anayeniuzia maziwa, nami nitaisema ilivyo, hata pale itakaponigusa.

Kaha ana miaka thelathini na moja, mrefu, mkavu, hana mzaha na mteja. Asubuhi anapokea maziwa ya ngamia yanayoletwa na pikapu kutoka malishoni, anayatia kwenye mitungi ya plastiki aliyoifukiza moshi, kisha anakaa nayo kwenye soko la Suuq Mugdi mpaka yaishe. Mumewe Salat anachunga ngamia wa watu, mjini huonekana kila baada ya miezi mitatu. Wana binti mmoja, Idil, yuko gredi ya sita. Nilimfundisha hesabu mwaka wangu wa mwisho kazini, na alikuwa akijibu swali kabla sijalimaliza.

Sasa sikia walivyojitia kitanzini. Mwaka ule wa 2011 ukame ulipomaliza ng'ombe wa kijiji chao cha Kotile, Ramlo, mama yake Kaha, alimshika bintiye mkono wakaenda kambi za Dadaab. Hawakuwa wakimbizi. Ramlo alizaliwa Kotile, na mama yake amezikwa Kotile. Lakini kambini kulikuwa na unga, mafuta na maharagwe, na Kotile kulikuwa na mizoga. Ili upate unga ulisema umetoka Somalia, ukatoa jina, ukaweka vidole kwenye mashine. Wenyeji wengi walifanya hivyo, na anayewalaumu hajawahi kumwona mtoto wake akitafuna ngozi. Kaha alikuwa na miaka kumi na sita. Salat alikutana naye humo humo, kwenye foleni ya unga. Mvua iliporudi walirudi kwao, na habari ya vidole ikasahauliwa.

Kaha alipokwenda kuomba kitambulisho, mashine ilimkumbuka. Kwa Kenya yeye ni mkimbizi wa Somalia, nchi ambayo hajawahi kuikanyaga. Salat, aliyeweka vidole vilevile, hali kadhalika. Basi Kaha hapigi kura, hasajili laini ya simu kwa jina lake, na akivuka daraja la Tana kwenda Nairobi atateremshwa kwenye kila kizuizi ajieleze. Hayo yote aliyazoea. Jambo ambalo hakuweza kulizoea lilikuja mwaka huu: shule ilitaka cheti cha kuzaliwa cha Idil ili aandikishwe kwa mtihani wa taifa, na cheti hakitoki bila kitambulisho cha mzazi. Mwalimu mkuu alimvumilia muhula mmoja, kisha akampa tarehe ya mwisho.

Kwa wanasiasa wetu, watu wa vidole ni mali. Kila kampeni wanaahidiwa kwamba majina yao yataondolewa kwenye daftari la wakimbizi, na kila baada ya kampeni wanaambiwa kamati itakaa. Mtu akishapata kadi utamwahidi nini tena? Mwaka huu mambo yalianza mapema. Mzee Jelle, mwenye ndevu nyekundu za hina, na wenzake kumi na sita waliitwa Nairobi kwa niaba ya ukoo. Walilazwa hotelini, wakalishwa mbuzi asubuhi, mchana na jioni, wakarudi na uamuzi wetu sote wa kumpigia kura Abdihafid na mgombea wake. Mimi sikujua kama nimeamua mpaka niliposikia redioni.

Kaha ana kipaji. Anatunga buraanbur, tenzi za wanawake zinazoimbwa kwa makofi na ngoma, na hakuna harusi ya maana Garissa asiyoitwa. Wiki moja baadaye kijana wa Mheshimiwa, Ridwan, mwenye simu mbili na miwani ya jua hata akiwa ndani ya nyumba, akaja sokoni kumwambia aimbe siku mgombea urais atakapokuja. Kaha akauliza kuhusu kadi. Ridwan akasema jina lake liko kwenye orodha. Akauliza orodha gani. Ridwan akapokea simu ambayo haikuwa imelia.

Siku hiyo Kaha aliniambia shauri lake. Kwetu ipo njia ya kumbana mkubwa bila kumtukana: unamsifu hadharani kwa wema ambao bado hajautenda. Mwanamke akiimba kwamba fulani amemchinjia mjane fahali, naye fulani hajachinja hata kuku, basi ajue pa kumpata fahali kabla jua halijazama, maana amezisikia sifa na hakuzikataa. Ramlo alimbana hivyo tajiri mmoja wa Ijara enzi zake, na yatima wakapata ng'ombe wawili wa maziwa. Kaha alitaka kumfanyia Mheshimiwa vivyo hivyo, mbele ya mgombea wake, mbele ya kamera. Nilicheka kwa furaha. Nikamwambia hii ndiyo akili niliyokuwa nikiitafuta mjini kwa miaka arobaini, na kwamba safari hii mtu yule amepatikana. Nilimwambia hivyo kwa mdomo wangu huu.

Siku ikafika. Tulikaa juani tangu saa tatu, mgombea akaja saa nane kwa helikopta iliyotumwagia mchanga wa uwanja mzima machoni. Mimi nilikwenda kwa ajili ya Kaha tu, nilisimama nyuma, mikono mfukoni ili nisije nikaonekana nikipiga makofi. Wanawake walikuwa mbele na nguo za sare walizogawiwa. Kaha akapewa kipaza sauti. Alitunga kwa Kisomali bila shaka, lakini kwa Kiswahili ingekuwa hivi:

*Abdihafid, wewe uliyetuvua jina lisilo letu,*
*uliyeniwekea kadi mkononi, nami nikaijua picha yangu,*
*leo binti yangu anaandikwa na wenzake,*
*na atakayeuliza nani alifanya, nitamwonyesha wewe.*

Wanawake wakapiga vigelegele. Mheshimiwa akaweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa, mtu wa haya ghafla. Nikajisemea, amemeza. Na alikuwa amemeza kweli, lakini mgombea urais hakuwa mtu wa kwetu. Alimwinamia mwenyeji wake akauliza mama anaimba nini, na Mheshimiwa, kwenye kipaza sauti, tena kwa Kiswahili safi, akamtafsiria neno kwa neno. Hakuongeza, hakupunguza. Kwamba kadi zimetoka, na watoto wanaandikwa.

Mgombea akafurahi sana. Akasimama akasema alikuwa amekuja na ahadi ya vitambulisho, tena ilikuwa ndiyo ya kwanza kwenye karatasi yake, lakini anasikia ndugu yake Abdihafid ameshaimaliza kazi hiyo, basi hana haja ya kutuchosha. Akaigeuza ile karatasi, akaanza habari za barabara. Barabara yenyewe ni ileile niliyoahidiwa nikiwa kijana mwenye nywele. Kaha alijaribu kurudi jukwaani. Vijana wenye fulana za chama wakamzuia kwa adabu, wakamwambia ameshaimba vizuri, aketi.

Jumatatu nilimsindikiza kwenye ofisi ya vitambulisho. Afisa hakuwa mtu mbaya. Ni mtu wa bara, mwenye feni moja na jasho jingi. Akamwekesha vidole, akatazama kioo cha mashine, akatikisa kichwa kama kawaida. Kisha akamtazama tena, akatoa simu yake. Akamwonyesha video ya uwanjani, imesambazwa na watu wa Mheshimiwa, chini yake wameandika kwamba shahidi ni mama mwenyewe.

"Si wewe huyu?" akamuuliza. "Hapa unasema umepata."

"Ile ni buraanbur," Kaha akamwambia, kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mimi nasifu kwanza, yeye nafanya baadaye. Kwetu ni hifyo. Kadi habana bata, wallahi."

Afisa akasema anamwamini kwamba kadi hajaipata. Akasema pia kwamba kamati ya kufuta majina hukaa wakubwa wakiiomba ikae, na kwa sasa wakubwa wote wawili wamesema mbele ya kamera kwamba hakuna la kuomba. Yeye mwenyewe hana kidole cha kufuta kitu. Alitupa maji ya kunywa, hilo nalo ni zaidi ya alichowahi kutupa Mheshimiwa.

Tukaenda kwa Mzee Jelle, aliyekuwa ametoka kula. Kaha akamwomba kama mzee wa ukoo aseme hadharani kwamba kadi bado. Mzee akazichezea zile ndevu. Akamwambia huu ni msimu wa kampeni, asiuaibishe ukoo. Akamwambia amemsifu mtu kwa hiari yake, na akisema leo kwamba hakupata kitu, watu watajiuliza ni lini alidanganya, alipoimba au anaposema, na nani atamwita tena harusini? Kisha akauliza kama amemletea maziwa. Ridwan naye tulimpigia siku nne. Zile simu zake mbili zote zilikuwa zimezimwa.

Hapo ndipo mimi, shujaa wa upinzani, nilipokimbilia kwa watu wangu. Mgombea ubunge wetu ni Ogle, na nimemsifu mtu huyu kwa kila anayenisikiliza. Aliwahi kuwa mkubwa serikalini, anajuana na wanaoita kamati na wanaofunga kamati. Nilimweleza yote, kuanzia unga wa Dadaab mpaka video. Aliinuka akanikumbatia. Nilidhani amemhurumia Kaha, kumbe alikuwa amefurahi. Akasema huyo mama ni zawadi kutoka kwa Mungu, asimame kwenye mkutano wetu mkubwa aimbe jinsi alivyotapeliwa, na Abdihafid atazikwa siku hiyo hiyo.

Nikamwambia tarehe ya mwisho ya shule ni Ijumaa, na mkutano wetu ni wiki mbili mbele. Nikamwomba kwanza apige simu kwa wale anaowajua.

"Nikipiga leo, kadi itatoka kabla ya Ijumaa, hilo si kazi," Ogle akasema. "Halafu kwenye mkutano atasimama kusema nini? Aimbe kwanza, maalim. Kadi baada ya uchaguzi."

Ningemtemea mate. Ningeivua fulana ya chama pale pale nikamwachia mezani. Sikufanya hata moja. Nilimwambia nimeelewa, na njiani kuelekea sokoni nikawa najipangia maneno: kwamba mtihani wa mtoto mmoja ni kitu kidogo mbele ya mustakabali wa jimbo zima, kwamba tukishinda atapata kadi yeye na maelfu wengine. Ni maneno ambayo Abdihafid asingeyakosoa hata kidogo. Nilimkuta Kaha akimpimia mteja maziwa, nikamweleza kwa ufasaha wangu wote wa miaka arobaini ya ubao na chaki. Akanisikiliza mpaka mwisho. Mteja akaondoka.

"Huyo Ogle anaweza kuipata kadi?" akaniuliza kwa Kisomali chetu.

Nikasema anaweza.

"Kabla ya Ijumaa?"

Nikasema anaweza.

"Na wewe umekuja kuniambia nisubiri."

Akafunika mtungi. Hakunitukana, na mimi nilitamani anitukane. Alisema tu kwamba hataimba, si kwao wala si kwetu, kisha akamhudumia mwanamke aliyesimama nyuma yangu. Ijumaa orodha ikafungwa bila jina la Idil.

Mkutano wetu ulifanyika kama ulivyopangwa, kwenye uwanja wa shule. Kwa kuwa Kaha hakuja, Ogle akaniomba niieleze mimi habari yake, maana ninaijua vizuri. Na nilijua pa kuanzia, pa kupandisha sauti na pa kunyamaza. Nilipofika kwenye ile video wanaume wazima walifuta macho. Nilimchana Abdihafid, nikamchana Jelle na mbuzi wake, nikaichana ile barabara. Ile simu ambayo Ogle alikataa kuipiga sikuitaja. Nilishangiliwa kuliko Ogle mwenyewe, naye ndiye aliyepiga makofi ya mwisho.

Niliposhuka jukwaani watoto wa shule walikuwa wamejaa kwenye uzio, na Idil alikuwa mmoja wao, na sare yake. Alikuwa amesikia yote. Akanisalimia kwa heshima, kama alivyozoea darasani, akauliza kama sasa, kwa kuwa watu wote wameshajua, jina lake litaandikwa.

Nikamwambia baada ya uchaguzi, inshallah.