Ndege wa Goti Bovu

Mjomba aliponinyang'anya majaruba ya mpunga ya marehemu mama, sikulia wala sikwenda serikali ya kijiji. Kwetu Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, na mkubwa wa upande huo ni mjomba. Ningemshitaki kwa nani? Alirudi kutoka Mikese alikokuwa akichoma mkaa, akakuta arobaini ya dada yake imepita, akanihamishia kwenye kipande cha juu, chenye kokoto tupu. "Wewe bado una nguvu, mama," aliniambia. Nikaitikia, ndiyo mjomba. Moyoni nilikuwa nimeshamlaani.

Bondeni kwetu hatumwagi mbegu ya mpunga mpaka tuwaone ndege wa miguu mirefu myekundu, weusi mgongoni, weupe tumboni, wanaokuja kutaga masika yakikaribia. Hilo mjomba alilikumbuka tangu utotoni. Asichokijua ni kwamba ndege nao kila mmoja ana tabia yake. Mimi nililima pale na mama miaka sita. Alikuwepo mmoja mwenye goti lililovimba, na huyo kila mwaka alitangulia wenzake wiki tatu nzima, akataga kando ya chemchemi yetu wakati udongo wote mwingine bado umepasuka. Kwa nini, sijui. Mama alikuwa akimcheka, "Kiherehere huyo," na mbegu yetu ilibaki guniani mpaka wenzake watue.

Mwaka ule nilimwona kabla ya mjomba. Kesho yake mjomba akapita kwangu na gunia begani, meno yote nje.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Wameshafika! Yai nimeliona kwa macho yangu."

"Haya mjomba. Mungu akujalie."

Akamwaga mbegu yote siku ile ile. Majirani walishangaa, lakini alikuwa mtu wa kufoka, nani angemfundisha? Manyunyu mawili ya kudanganya yakaiotesha, jua likaikausha. Kila jioni nilishuka kuitazama, na sitaki kujitakasa hapa: niliona raha, raha ya kula nikashiba. Ndege wengine walipotua, nikamwaga yangu kule kwenye kokoto, nikavuna. Mjomba hakuvuna kitu.

Katika hasira zangu nilisahau kwamba bibi, aliyewazaa mama na mjomba, alikuwa akila kwa mwanawe. Siku moja nilimkuta anamenya mihogo. Akaniuliza bila kuinua macho, "Yule wa goti, wewe humjui?"

Nikainama kuokota maganda. Mjomba alikuwa mlangoni, akasikia, akaelewa.

Msimu uliofuata nilimfuata mwenyewe, kwa ajili ya bibi. Ndege wa goti bovu alikuwa ameshakalia mayai, na sasa wenzake nao wamejaa bondeni. "Mjomba, mwaga leo. Naapa kwa kaburi la mama."

Akanitazama toka juu mpaka chini. "Nimwage, ili ucheke tena?"

Alingoja. Masika yakaingia gunia lake likiwa bado limefungwa, na alipokuja kumwaga, maji ya mlimani yakazoa mbegu mpaka ya mwisho. Safari hii sikuwa nimemfanyia lolote.

Bibi akala mihogo mwaka wa pili. Nilimpelekea mchele wangu kwenye kikapu, na kabla ya adhuhuri kilikuwa kimerudishwa mlangoni kwangu, hakijafunguliwa.