Nyanzala Yuko Kamanga

Msinicheke kabla sijamaliza. Mimi ndiye mwangalizi wa jukwaa la mtandaoni la watu wa Sengerema tunaoishi Mwanza, na juzi asubuhi nililihamishia kwenye programu mpya. Muda si mrefu wanachama wakaanza kulalamika: maandishi yamebanana, kitufe cha kujibu hakionekani. Nikawajibu kwa kiburi kwamba watazoea.

Kisha nikaona ujumbe wa Nyanzala, binti wa kwetu ambaye sikuwahi kumsahau, wenye tarehe ya siku hiyo: "Nipo Kamanga nasubiri kivuko. Nani atanipokea huko Mwanza? Nina kiroba cha michembe."

Kwetu anayevuka na mzigo, hata kama ni michembe tu, viazi vitamu vilivyokaushwa, hutangaza hivyo, na aliye karibu huenda kumpokea. Nyanzala alikuwa kimya miaka mingi. Malalamiko mengine sikuyasoma tena. Nilivaa shati nililovaa kwenye harusi ya kaka yangu, nikakimbilia kivukoni. Kivuko kikashusha watu, yeye hayumo. Nikaandika jukwaani, mbele ya wote: "Nyanzala, nipo hapa. Nitakungoja hata mpaka jioni."

Simu ikaita. Alikuwa Mama Kulwa, mwanachama wetu wa siku nyingi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, rudi nyumbani. Nyanzala ameolewa Dodoma, ujumbe ule ni wa zamani. Jukwaa limeweka tarehe ya leo kila mahali. Hata harusi ya Kulwa inasomeka ni leo, na ana watoto watatu. Wageni wameshafika hapa na zawadi. Sasa aliyelihamisha ni nani, nikamseme?"

Kivuko kingine kilikuwa kinafika. Nikamwambia ni mimi, huku nikiwatazama abiria wakishuka, mmoja mmoja.